Bweni usiku na mlango usiofunguka: tupeane uzoefu

Mwalimu wa zamu
Walimu, matroni na mafundi, salaam. Shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001 tulipoteza wavulana 67 bweni lilipoungua. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Septemba 2024, moto tena, shule ya Endarasha kule Nyeri, watoto 21. Tuelezane yanayofanyika bwenini kila siku, hasa milango.

Mkaguzi
Mwongozo wa Wizara ya Elimu Kenya wa 2008 uko wazi: mlango kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati, upana futi 5, ufunguke kwa nje, usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya vitanda mita 1.2, njia mita 2.

Kinachoharibika kwanza ni mlango wa katikati. Wanafunzi wakiongezeka, kitanda husukumwa pale, kisha masanduku, kisha komeo linashika kutu. Mkisema mnafunga kwa sababu ya wezi, wekeni komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, na askari alinde kwa nje. Lijaribuni hivi: zima taa, mwite mtoto mdogo kuliko wote bwenini, afungue kwa mkono mmoja. Akishindwa, komeo hilo halifai, libadilisheni siku hiyo hiyo.

Fundi umeme
Fuateni waya za taa. Wanafunzi huunganisha koili ya kuchemshia maji kwenye holda ya taa. Koili ya wati 1500 huvuta zaidi ya ampea 6, na ile waya nyembamba waliyoiunga kwa karatasi ya nailoni hupata moto pale kwenye kiungo, juu kabisa ya godoro. Swichi ya kinga ikiruka mara kwa mara, msiweke kubwa zaidi. Inaruka kwa sababu waya imelemewa. Ukiweka kubwa, waya itaungua kabla swichi haijakata.

Matroni mwenzenu
Orodha ya majina jamani! Ikikaa ofisini kwa matroni ndani ya bweni, inaungua nalo. Nakala moja iwe getini kwa askari, ipangwe kwa namba za vitanda, irekebishwe kila jioni: nani yuko zahanati, nani kaenda nyumbani. Bila hiyo mtu atarudi motoni kumtafuta mtoto aliyelala kwao.

Mkaguzi
Asante matroni, hilo ni kubwa. Niongeze mitungi ya kuzimia moto, ile ya unga: sindano ya kipimo iwe kwenye kijani, lakini hiyo haitoshi, unga hugandamana chini. Mtungi upinduliwe na kutikiswa kila mwezi.

Mwalimu wa zamu
Na kengele?

Matroni mwenzenu
Ya umeme hunyamaza umeme ukikatika. Kipande cha reli kining'inizwe nje, nyundo ifungwe kwa mnyororo pale pale. Mlio wa moto uwe wa mfululizo, usifanane na wa darasani, na zoezi moja kila muhula lifanyike usiku, taa zikiwa zimezimwa.