"Ulifunga mwenyewe": Malalamiko yangu kwa wanaotuuzia spea bandia kisha kututupia kosa

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote.

Jumatano iliyopita nilisimama mbele ya kaunta ya duka moja la spea mjini Mombasa nikiwa na puli iliyovunjika, gurudumu dogo linaloongoza mkanda wa injini, nimeifunga katika kitambaa, na mwenye duka, kabla hata sijaifungua, akanijibu kwa sauti iliyosikiwa na wateja wote waliokuwapo: "Sheikh, wewe ulifunga mwenyewe. Injini imekufia mkononi mwako, si mkononi mwangu." Nilirudi Malindi kwa matatu, mwendo wa kilomita 120 hivi, na maneno hayo hayajanitoka kichwani hadi sasa ninapoandika. Fedha nimepoteza, na si kidogo, lakini kilichonileta hapa ni hayo maneno mawili, "ulifunga mwenyewe", ambayo yamekuwa pazia la kufichia spea bandia, nasi tunaotengeneza magari yetu kwa mikono yetu ndio tunaozibwa midomo kwayo.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, ile ya chesisi ya GDA yenye injini ya EJ20 ya turbo. Nililipata hapa hapa Malindi baada ya kulitafuta kwa miaka. Wa rika langu watakumbuka kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda tena na Impreza mwaka 2000. Sisi tuliokuwa wavulana tukifuatilia redioni hatukutamani gari jingine tena. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka 8, kwa hiyo magari ya toleo hili hayaji tena. Yaliyopo ndiyo haya, na uhai wake unategemea spea tunazouziwa na uaminifu wa anayetuuzia.

Kufungua injini sikuanza jana. Marehemu ami yangu alikuwa fundi wa injini za mashua, na tangu nikiwa shule ya msingi nilikuwa nikimshikia taa na kumpa spana. Alikuwa akiniambia, "Chombo hakina haraka, mwanangu, mwenye haraka ni wewe," na kila bolti aliyoitoa aliiweka katika kikopo chake, ikarudi mahali ilipotoka. Mji wetu una mafundi hodari wa magari ya kazi na tuktuk, lakini wengi wao wakiona injini iliyolala ubavu, yenye hedi mbili na turbo, huomba udhuru, na siwalaumu. Ndiyo maana nilinunua vifaa vyangu kimoja kimoja, na kwa miaka mingi sasa gari hili halijaguswa na mkono mwingine ila wangu.

Mwezi wa nne niliamua kubadilisha mkanda wa taiming. Kwa injini hii mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa mita ilikuwa imekaribia 200,000 na aliyeniuzia gari hakuwa na kumbukumbu yoyote ya lini mkanda ulibadilishwa, sikutaka kubahatisha. Wasioijua injini hii waelewe kwamba mkanda mmoja ndio unaozungusha kamshafti zote nne, yaani fito zinazofungua valvu (milango ya hewa ya injini), na kwamba valvu na pistoni hutumia nafasi moja kwa zamu. Mkanda ukiruka meno, zamu huvurugika, valvu hugongwa na pistoni au hugongana zenyewe kwa zenyewe, na hapo hakuna tena habari ya kubadilisha mkanda bali ni kuifumua injini. Kwa sababu hiyo nilinunua seti nzima: mkanda, tenshona inayoukaza, puli zote pamoja na ile yenye meno, na pampu ya maji. Nililipa shilingi 31,500. Mwenye duka aliapa mbele yangu kwamba seti ni halisi na imetoka Japani. Sanduku lilikuwa na rangi zake na vibandiko vyake. Risiti iliandikwa "spea" tu, bila namba ya kifaa, na chini yake muhuri usemao kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Niliianza kazi Ijumaa jioni na kuimaliza Jumapili. Nilimwaga maji ya rejeta, nikatoa feni na rejeta yenyewe ili nipate nafasi, nikapanga alama zote kabla ya kugusa mkanda wa zamani. Nilijua kwamba alama ya kufuata kwenye gia ya krankshafti, mhimili mkuu wa injini, ni kile kijistari kilicho nyuma, kwenye meno ya sensa, wala si mshale unaoonekana kwa mbele ambao umewaponza wengi. Tenshona niliikuta ndani ya sanduku pini yake imechomoka na fimbo yake imetoka nje, jambo ambalo halipaswi kutokea kwa kifaa kipya, na nakiri kwamba hapo ndipo nilipopaswa kusimama na kulirudisha sanduku. Badala yake niliifuata njia iliyoelekezwa na kiwanda: niliisimamisha wima katika jiriwa, nikaibana polepole kwa zaidi ya dakika 3, nikaizuia kwa pini ya milimita 2. Bolti za puli nilizikaza kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, hadi nyutonimita 39, kisha kila moja nikaitia mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye puli, ili ikilegea hata kidogo mstari uonyeshe. Nilichomoa pini, nikaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, na alama za gia zote zikarudi mahali pake. Kila hatua niliipiga picha. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu aliyenijibu "ulifunga mwenyewe" hakuniuliza hata moja kati yake.

Gari lilitembea kilomita 3,100. Siku lilipokufa tulikuwa tukitoka Mombasa, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, jua limeshazama. Tulivuka daraja la Kilifi, tukapita Tezo, na tulipokaribia Matsangoni nilisikia mlio mwembamba kama wa nyenje ukitoka mbele ya injini. Sikuwahi hata kukanyaga breki. Injini ilizima kama mtu aliyekatwa kauli, usukani ukawa mzito mikononi, taa za dashibodi zikawaka zote, na nyuma yangu kulikuwa na trela. Namshukuru Mungu dereva wa trela alikuwa makini, akatukwepa huku akipiga honi. Tulikaa kando ya barabara gizani kwa muda wa karibu saa mbili tukisubiri gari la kutuvuta, watoto wamemkumbatia mama yao, na kila lori lililopita lilitutikisa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mwenye duka hakutaka kuisikia, kwa maana nilipoanza kumsimulia alimgeukia mteja mwingine.

Nilipofungua vifuniko nyumbani nilikuta puli yenye meno imekwisha. Beringi ilikuwa imesagika, gololi zimetoka, unga wa rangi ya kutu umeenea kila mahali, na mkanda umeruka. Bolti yake ilikuwa ingali imekaza, na mstari wa rangi nyeupe ulikuwa umenyooka kama nilivyouchora. Niliposhusha hedi nilihesabu valvu 9 zilizopinda kati ya 16. Kisha nikafanya jambo ambalo liliniongezea uchungu: niliitoa kabatini puli moja ya zamani kati ya nilizobadilisha, nikaiweka kwenye mizani ya jirani yangu muuza nafaka, halafu nikaipima mpya ya nafasi ile ile, iliyobaki nzima katika seti. Ya zamani ilikuwa nzito zaidi, na jina na namba ya mtengenezaji wa beringi zilikuwa zimechongwa kwenye chuma. Mpya ilikuwa na karatasi iliyobandikwa, ambayo niliibandua kwa ukucha. Ya zamani ingali inazunguka bila sauti. Nilitoa kitu kizima nikatia uozo, nao uozo huo nikaulipia.

Gharama ya kunyoosha hedi, kununua valvu na gasketi, na kulivuta gari imefika shilingi 127,000, na bado halijawaka.

Mara ya kwanza nilipompigia simu mwenye duka aliniambia nilete barua ya fundi. Nilimtafuta fundi mmoja mzee hapa Malindi, mtu anayeheshimika, akakagua kila kitu, akaandika barua kwa mkono wake na kuitia sahihi kwamba puli iliharibika kutokana na beringi mbovu na kwamba ufungaji haukuwa na dosari. Nilipoipeleka, niliambiwa kwamba hiyo ni barua ya rafiki yangu. Nilipokataa kuondoka, nikapewa "msaada" wa kupunguziwa bei iwapo nitanunua seti nyingine ya aina ile ile. Anitilie tena sumu ile ile kwa bei nafuu, kisha nimshukuru!

Ugonjwa huu hauko kwenye mikanda pekee. Neno linalotawala katika maduka haya ni "inaingia". Ukiuliza namba ya kifaa unaambiwa inaingia. Ukisema WRX na STI, toleo lake lenye nguvu zaidi, hazifanani unaambiwa zote ni Subaru, inaingia. Lakini kuingia si kufaa. Magurudumu ya WRX yangu yana bolti tano kwenye duara la milimita 100, ilhali STI kuanzia toleo la 2005 zina duara la milimita 114.3, na kijana mmoja wa Watamu aliuziwa habu (vitovu vya magurudumu) za STI hiyo huku duka likijua gari lake ni la aina gani. Aliporudisha aliambiwa tayari zimeshafungwa, kwa hiyo zimekuwa mtumba. Padi za breki nazo huingia vizuri sana, hadi siku zitakapopata moto.

Sheria haipo upande wa muhuri wao. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika, haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili azitumie ipasavyo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, na kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo tangu zamani inamtaka mwuzaji atoe kitu kinacholingana na maelezo aliyoyauzia. Kutengeneza na kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008. Sikuona katika zote hizo kifungu kisemacho kwamba haki hizo hupotea iwapo mnunuzi ana spana zake mwenyewe. Ningalifunga nyuma mbele, ningalisahau bolti, ningalikosea alama, hilo lingekuwa kosa langu na nisingefungua mdomo. Lakini beringi iliyojaa takataka badala ya grisi haibadiliki kuwa halisi kwa sababu imefungwa na mtu mwenye cheti.

Najua wapo watakaonijibu kwamba gari la spoti si la kuchezea nyumbani, nilipeleke gereji. Nawauliza: fundi wa gereji angeinunua wapi seti hiyo? Katika duka lile lile, kwenye kaunta ile ile. Tofauti ni kwamba yeye angelaumiwa na mimi, naye asingekuwa na picha wala mstari wa rangi wa kujitetea, na mwenye duka angetuangalia tukigombana.

Ninachodai ni shilingi 31,500 za seti na shilingi 127,000 za uharibifu. Nimemwandikia mwenye duka barua ya kumpa siku 14, na nakala nimebaki nayo. Zikipita, nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na ambamo mtu anaruhusiwa kujiwakilisha bila wakili. Puli iliyovunjika, unga wake, bolti yake na puli nyingine za seti ile viko ndani ya mkebe mmoja, na sitaviacha mikononi mwa mtu yeyote wa duka hata kwa dakika moja, maana nimeshaambiwa mara mbili "tuachie tuchunguze".

Kwa yeyote aliyenunua mjini Mombasa, tangu mwanzo wa mwaka huu, seti ya mkanda wa taiming ya EJ20 ambayo tenshona yake ilikuwa imechomoka pini sandukuni, na puli zake zina jina lililobandikwa kwa karatasi badala ya kuchongwa: vifuniko viwili vya pembeni hufunguka kwa spana ya namba 10 bila kugusa puli ya krankshafti. Avifungue leo, amulike ndani kwa tochi, atazame kama kuna unga wa rangi ya kutu. Akiuona, au akisikia mlio mwembamba mbele ya injini, asiiwashe tena, hata kwa safari ya kufika dukani kulalamika.