Re: Afisa tabibu wa Masasi anataka kupanda ambulansi Ohio

Kutoka: Mama Nasri, Masasi

Salaam aleikum, na Tumsifu kwa wenzetu wa upande wa pili.

Mimi bado niko Masasi, ila siku zinahesabika. Mume wangu yuko Columbus, Ohio, huu mwaka wa nne, na makaratasi yangu yametoka. Tukishauza korosho naondoka na watoto wawili.

Kazi yangu ni afisa tabibu. Nilisoma miaka mitatu pale Mtwara mjini, kisha nikapangiwa zahanati huko juu Newala, nikakaa miaka sita. Nimezalisha, nimeshona vidonda, nimetundika dripu kwa mwanga wa simu. Sasa kila ninayemwuliza ananiambia nikifika huko nitabeba boksi kama wengine. Mume wangu ameona tangazo la chuo kimoja karibu na kwake: kozi ya EMT, wale wahudumu wa ambulansi, miezi minne, jioni tu. Anayeijua kazi hiyo naomba anieleze wanafanya nini hasa, wanataka nini, na diploma yangu inaingia wapi. Msinifiche.

Kutoka: Mjomba, Houston

Binti yangu, hongera kwa makaratasi. Lakini afisa tabibu mzima, mtu Newala anaitwa daktari, uende ukawe tandiboi wa ambulansi? Huko nyumbani ambulansi ni dereva na nesi aliyechoka. Soma unesi, vumilia miaka miwili mitatu, ukae na heshima yako. Nimemaliza.

Kutoka: Wa Mikindani, Columbus (kwa sasa Mikindani)

Shikamoo Mjomba. Dada Mama Nasri, karibu sana.

Nina mwaka wa saba kwenye ambulansi hapo hapo Columbus. Kabla yake boksi, na nililibeba kweli. Ujumbe wako umenikuta likizo, niko barazani kwa bibi, umeme umekatika, simu ina asilimia 60. Nitaandika mpaka izime.

Mjomba, tandiboi wako hayuko mbali na ukweli, ila amechelewa miaka zaidi ya hamsini. Marekani yenyewe hadi miaka ya 1960, sehemu nyingi mgonjwa alichukuliwa na gari la kampuni ya mazishi, maana ndilo lililokuwa na nafasi ya mtu kulala. Fikiria umevunjika mguu, linakuja gari la jeneza kukuchukua. Mwaka 1967 pale Pittsburgh, mtaa wa Hill District, ikaanzishwa Freedom House: watu weusi wa mtaani, wengi wao hawana kazi, wakafundishwa na daktari Peter Safar kumhudumia mgonjwa njiani, siyo kumbeba tu. Waliendelea mpaka 1975, mji ukachukua huduma ukaifanya yake. Kwa hiyo walioonyesha njia ni watu ambao hakuna aliyewaita madaktari.

Turudi kwa dada. Ngazi ziko nne, kutoka chini kwenda juu: mtoa huduma ya kwanza, EMT, EMT wa juu, halafu paramediki. Wewe unaulizia ya pili. Nikuambie zamu ilivyo.

Unaanza kwa kukagua gari, na hapa hakuna ujanja. Mtungi wa oksijeni una kiasi gani, mashine ya kushtua moyo ina betri, mabanzi yapo, mkanda wa kubana damu upo, kifurushi cha kuzalishia hakijafunguliwa. Kilichopungua usikione mbele ya mgonjwa.

Kisha simu. Huu ni mfano mmoja, nimebadilisha vya kubadilisha kwa sababu siri ya mgonjwa huku ni sheria. Saa tisa usiku, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Nasimama kwanza mlangoni na glovu zangu: kuna mbwa? Kuna harufu ya gesi? Kuna mtu ana hasira? Mwokoaji akiumia, wagonjwa wanakuwa wawili. Ndani yuko bibi mmoja Mbantu wa Somalia, kakaa ukingoni mwa kitanda, jasho linamtoka na chumba ni baridi. Mwenzangu anafunga presha, mimi napiga goti niwe chini ya macho yake. Midomo ina rangi gani, anapumua mara ngapi kwa dakika, mapigo yanakwenda vipi. Mjukuu anatafsiri Kiingereza kwa tabu. Bibi akaniangalia, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Mwanangu, jiwe limekaa hapa."

Nilitaka kulia, Wallahi. Nikamwuliza kwa lugha yetu: limekaa tangu saa ngapi, linashuka mkononi au linapanda tayani, dawa gani inakudhuru, unameza dawa gani, umekula nini mara ya mwisho. Maswali hayo ndiyo nusu ya kazi. Nikampa vidonge vinne vidogo vya aspirini atafune. Kipimo cha kidole kilisoma oksijeni 90, nikamwekea. Tukamfunga kwenye kiti cha ngazi, ghorofa tatu, na hapo mgongo wako ndio lifti. Ndani ya gari natoa taarifa hospitali kwa redio, maneno machache, ili wamsubiri. Tukishamkabidhi, ripoti. Kuandika kunachukua muda kuliko safari yenyewe, maana neno ambalo hukuliandika, kisheria hukulifanya.

Sasa dada, pagumu kwako ni hapa. Mkono wa bibi yule ulikuwa na mshipa mzuri, umesimama kama kamba. Wewe ungeshatundika dripu zamani. Ohio EMT hatundiki dripu, ni ya ngazi inayofuata. Haweki bomba kooni kama paramediki. Hatoi dawa anayoijua yeye, anatoa zilizoandikwa kwenye mwongozo wa daktari msimamizi: oksijeni, aspirini, sukari ya kunywa kwa mgonjwa wa kisukari aliye macho, naloksoni kwa aliyezidiwa na dawa za kulevya, sindano ya epinefrini kwa aliyevimba koo kwa mzio. Mwenye pumu unamsaidia na kipuliza chake. Anakandamiza kifua, anabana damu, anafunga banzi, anazalisha uzazi usio na tatizo. Basi.

Darasani kwetu alikuwepo daktari wa nchi nyingine, ana miaka kumi hospitalini. Kwenye mazoezi ya vitendo akaanza kumchambulia mwanasesere maradhi yake. Mwalimu akamsikiliza, akamwambia: "Daktari, mgonjwa wako ameacha kupumua dakika mbili zilizopita." Akaanguka mtihani ule. Siyo kwamba hakujua. Alijua mengi mno kwa kiti alichokalia. Watu wa kwetu waliosoma hili linawaangusha kuliko Kiingereza.

Simu ina 11. Masharti nitaandika umeme ukirudi.

Kutoka: Bi Mkubwa wa Lindi, Hamburg

Nikae hapa katikati kidogo. Wenye kuja Ujerumani msidhani ni sawa na huko. Huku kuna Rettungssanitäter, mhudumu wa ambulansi wa kozi fupi, saa 520: darasa, hospitali, kituo cha ambulansi, na wiki ya mwisho ya mtihani. Halafu kuna Notfallsanitäter, yule wa ngazi ya juu, miaka mitatu, unasoma huku unalipwa, sheria yake imeanza 2014. Na Kijerumani wanakitaka cha kweli, siyo cha sokoni. Mwanangu wa kiume yuko mwaka wa pili, anarudi nyumbani analala na viatu.

Kutoka: Wa Mikindani

Umeme umerudi saa nne usiku. Asante Bi Mkubwa.

Masharti basi. Kozi lazima iwe imeidhinishwa na jimbo, na kwa kawaida ni saa 150 hivi au zaidi, ukiwemo muda wa kupanda ambulansi au kukaa chumba cha dharura ukiangalia. Diploma ya Mtwara haifupishi njia hapa. Utakaa darasani na vijana waliomaliza sekondari juzi. Usikasirike. Itunze, itafsiriwe na kutathminiwa, itakuja kukufaa ukienda unesi kama alivyosema Mjomba. Sehemu nyingi wanataka uwe na miaka 18, kadi ya kukandamiza kifua (yaani umefundishwa CPR, kumwokoa aliyesimama moyo), chanjo ya homa ya ini B, kipimo cha TB, na rekodi yako polisi iwe safi. Uraia si sharti, ruhusa ya kufanya kazi ndiyo sharti.

Ukimaliza kozi una miaka miwili ya kufanya mtihani wa taifa wa NREMT, shirika linalosajili wahudumu wa ambulansi nchi nzima. Makao yao yako hapo hapo Columbus, tangu 1970, utapita mlangoni. Mtihani ni wa kompyuta, maswali 70 hadi 120 ndani ya saa mbili, na mashine inakufuata: ukipata inakupandishia, ukikosa inakushushia, ikishajiridhisha inazima. Mimi ilinizimia mapema. Nikaenda kukaa kwenye gari nikampigia mke wangu kumwambia nimefeli. Kesho yake nikaona nimefaulu. Ukishindwa, unasubiri siku 15 unarudia. Halafu leseni ya jimbo, maana cheti cha taifa peke yake hakikupandishi gari. Na ili cheti cha taifa kibaki hai, kila miaka miwili unaonyesha saa 40 za kujiendeleza.

Leseni ya gari uianze wiki ya kwanza, na ukae upande wa pili wa barabara mpaka mkono uzoee. Waajiri wengi wanakuweka kwenye usukani, na kampuni ya bima inaangalia kama una makosa barabarani.

Pesa: usidanganywe. Takwimu za wizara ya kazi za Mei 2023 zinasema nusu ya EMT wote walipata chini ya dola 38,930 kwa mwaka. Kwa paramediki ilikuwa 53,180. Boksi la usiku ghalani linaweza kukulipa sawa au zaidi. Kuna kampuni moja nilianzia, jina silitaji, zamu ya saa 12 ilikuwa inageuka 14 na saa mbili zile hazionekani kwenye malipo. Kabla ya kusaini uliza muda wa ziada unalipwaje, na uliza kwa maandishi. Uliza pia kama ni gari la dharura au la kupeleka wazee kusafishwa figo. Zote ni kazi halali, ila ya pili hujaambiwa kwenye tangazo, na ndiyo wengi tunaanzia.

Mjomba, unesi ni njia nzuri. Lakini chumba cha dharura wananijua kwa jina, na walimu wa unesi wawili wamenipa barua za kunipendekeza. Boksi halikunijulisha kwa mtu.

Kutoka: Mjomba, Houston

Nimesoma. Tandiboi nalirudisha. Gari la mazishi sikulijua.

Kutoka: Mama Nasri, Masasi

Kaka, Mungu akuzidishie. Bi Mkubwa na Mjomba, asanteni.

Hilo la mipaka limeniingia. Mwaka juzi nilipiga 115, ile namba ya m-mama ya kuwasafirisha wajawazito kwa dharura, mzazi anatoka damu na ambulansi ya wilaya iko safarini. Akaja kijana wa teksi wa pale pale kijijini, analipwa na mfumo kwa simu. Nilipanda nyuma na yule mama, mkono mmoja nakanda tumbo, mwingine nimeinua chupa ya dripu, na ile barabara mnaijua. Tulifika. Huko kwenu nusu ya niliyoyafanya usiku ule ningefukuzwa kazi! Sawa, nitajifunza kuuzuia mkono.

Kaka, swali moja limebaki. Hiyo kadi ya kukandamiza kifua, naweza kuanza kujizoeza huku? Nimesoma ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimeta tano, 30 kwa pumzi mbili. Tangu jana nafanya kwenye mto wa kitanda, dakika mbili na kiganja kinawaka. Mama mkwe amechungulia mlangoni mara mbili, mara ya pili ameuliza huo mto umenikosea nini.