Mrejesho: silinda mbili, silinda nne na mlima wa Amani

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini pikipiki ya binamu yangu, silinda mbili zilizokaa kama herufi V, inapanda mlima kwa utulivu, wakati ya rafiki yetu ya silinda nne, yenye nguvu za farasi nyingi zaidi, inataka kupigwa gia kila kona.

Jumamosi nilizijaribu zote kutoka Muheza hadi Amani. Aliyeniambia nihesabu milipuko, Mungu akubariki. Kila silinda ya injini ya mipigo minne hulipuka mara 1 katika mizunguko 2 ya kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), yaani nyuzi 720. Silinda nne za kawaida hugawana sawasawa, mlipuko kila nyuzi 180, ndiyo maana inakwenda laini kama cherehani. V ya nyuzi 90 (pembe kati ya silinda zake mbili) hulipuka baada ya kranki kuzunguka nyuzi 270, kisha 450. Pigo, pigo, pumziko! Kwenye udongo mwekundu ule nilisikia tairi la nyuma likishika.

Ila mlionisahihisha mlikuwa sawa: kuvuta kwa mizunguko ya chini hakutokani na umbo la V peke yake. Ukubwa wa kila silinda, urefu wa mwendo wa pistoni, vali na gia vina sehemu kubwa.

Kurudi mjini Tanga, kwenye msongamano wa Ngamiani, silinda ya nyuma ilinichoma paja vibaya. Kwa hiyo natafuta ya silinda mbili sambamba (zimekaa bega kwa bega, hakuna ya nyuma) yenye kranki ya nyuzi 270, mapigo yale yale. Mwenye nayo Tanga anijulishe.