Barua imesomwa bweni zima: tumsaidieje binti wa kidato cha tatu?

Mlezi wa Lindi
Habari zenu wadau wa elimu. Shule yetu ni ya bweni, mkoa wa Lindi. Binti wa miaka 16 alimwandikia mwenzake barua ya kumpenda. Kiranja akaipata, ikasomwa kwa sauti bwenini baada ya prepo, kile kipindi cha kujisomea usiku. Tangu hapo haitwi jina lake, anaitwa msagaji. Ndoo yake inamwagwa maji bombani, na wenzake wawili wamehamisha vitanda. Mwalimu wa nidhamu anataka achapwe paredi na wazazi waitwe. Mimi ni mwalimu wa malezi na ushauri. Nianzie wapi, na nisifanye nini?

Ustawi Kusini
Pole na kazi, Mwalimu. Anza na usalama wake leo, habari za mapenzi zisubiri. Mwite kwa jambo la kawaida, kama kuleta madaftari, na mkae mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Kabla hajafungua mdomo mwambie: siri yake utaitunza, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini. Ukimwambia baadaye atahisi umemtega. Muulize analalaje, anakula, nani anamsumbua na saa ngapi. Kisha muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Usimbane aseme yeye ni nani. Kwa umri huo wapo wanaojijua vizuri na wapo ambao bado, na ulinzi anaostahili ni uleule. Akikueleza kwa hiari, msikilize bila kumhubiria. Shirika la Afya Duniani liliondoa mvuto wa jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, kwa hiyo hakuna cha kutibu hapo. Kinachomwumiza ni anavyotendewa.

Kwenye daftari la ushauri andika uonevu tu: maneno yaliyosemwa, tarehe, mahali, waliokuwepo. Habari za anampenda nani zisiandikwe popote, maana daftari huazimwa, husahaulika mezani, na mwalimu mwingine akilisoma hakuna tena siri.

Sheria na Mtoto
Ukienda kwa mwalimu wa nidhamu, nenda na kanuni mkononi. Kanuni za viboko shuleni zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi, na adhabu inaandikwa kitabuni. Viboko havizidi vinne. Kumchapa paredi kwa ajili ya hisia zake ni udhalilishaji, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inaukataza.

Atakutajia kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kujamiiana kinyume cha maumbile. Ni kweli adhabu yake ni nzito, miaka 30 hadi maisha, lakini kinaadhibu tendo. Barua ya kupenda si tendo hilo. Hata hivyo kifungu hicho kinawatisha watoto wasiseme chochote, ndiyo maana siri yake ni ulinzi, si upole wako tu.

Na barua hiyo isipigwe picha! Ikishafika kundi la WhatsApp la wazazi hairudi. Ichukuliwe kwa kiranja, ifungwe kwenye bahasha, apewe binti aliyeiandika au ichanwe mbele yake.

Matroni Masasi
Bwenini kosa linalofanyika sana ni kumhamishia aliyeonewa chumba cha wagonjwa. Shule nzima inaona yeye ndiye mwenye kosa. Wahamishwe wanaomwaga maji. Saa mbaya ni kati ya mwisho wa prepo na kuzima taa, halafu alfajiri bombani. Matroni awepo hapo kwa miguu yake, asimwachie kiranja, hasa huyo aliyesoma barua.

Ukiongea na bweni, usimtaje yeye wala barua. Sema kuhusu kusoma mali ya mtu, kumwita mtu majina, kumwaga maji, na adhabu ya kila kimoja. Ukitoa somo la mapenzi ya jinsia moja wiki hiyo, macho yote yatamgeukia yeye.

Mlezi wa Lindi
Asanteni sana. Wazazi je? Na yule aliyeandikiwa?

Ustawi Kusini
Muulize binti kwanza: nyumbani nani anamsikiliza? Huku kwetu mara nyingi ni bibi au mjomba kuliko baba. Akiitwa mzazi, aitwe kwa uonevu, na aambiwe hilo tu. Kumfichulia mzazi jambo ambalo mtoto hajasema kunaweza kumfukuzisha nyumbani, kumrudisha kwa nguvu kwa nyakanga, yaani kungwi wa unyago, au kumwozesha haraka. Wakianza habari za ndoa, wakumbushe: tangu 2016 Sheria ya Elimu inampa kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi. Ukiona hatari nyumbani, mtafute afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla shule haijafunga, au piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure.

Aliyeandikiwa naye mwite, peke yake, siku nyingine. Naye anataniwa, na huenda anamzomea mwenzake ili yeye asishukiwe. Mweleze kwamba kuandikiwa barua si kosa lake, na kwamba ana haki ya kusema hapana bila kumtangaza mtu.