Naomba ushauri: babu wa Quebec mwenye majina mawili ya ukoo

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Ninaishi Montréal na ninawatafutia wanangu nasaba ya baba yao, ambaye ni Mkanada wa asili ya Kifaransa, lakini nimekwama kwa babu wa kizazi cha sita.

Katika kitabu cha ndoa cha parokia, mwaka 1821, ameandikwa "Hudon dit Beaulieu", yaani Hudon aitwaye Beaulieu, kwa desturi ya kale ya kuongeza lakabu juu ya jina la ukoo, lakabu ambayo baadhi ya watoto waliishika na wengine wakaiacha. Upande wa wanawake haunisumbui, kwa kuwa padri alimwandika mke kwa ubini wake wa kuzaliwa hata siku ya maziko. Tatizo ni ubatizo: nimepata watoto wawili waliopishana miaka miwili, mmoja Hudon, mwingine Beaulieu, wote wakiitwa Joseph kama karibu kila mvulana wa enzi hizo, na wino umefifia palepale penye jina la mama, ambalo hati ya ndoa inalitaja. Nakala ya pili ya rejista, iliyopelekwa mahakamani, haina kurasa za miaka hiyo.

Je, majina ya wasimamizi wa ubatizo yanatosha kuwa ushahidi wa kumtambua aliye babu yetu? Na mkataba wa ndoa nitautafutaje, ikiwa simjui mthibitishaji wa hati aliyeuandika?