Mjadala: Antibiotiki kwa watoto wadogo, tubane dukani au tuanzie zahanati?

Mchangiaji aliyenitangulia anataka Serikali ipige marufuku maduka ya dawa kuuza antibiotiki bila cheti cha daktari, kwa kuwa anaamini usugu wa vimelea, yaani vimelea kuzoea dawa hadi zisiviue tena, unaanzia kwa mzazi anayemnunulia mwanawe amoksilini nusu dozi. Sikatai kwamba hilo lipo na lina madhara, lakini hicho cheti tunachotaka kukitegemea chenyewe huandikwa mara nyingi pasipo haja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliowachunguza watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, ulionyesha kwamba takribani asilimia 70 walikuwa na maambukizi ya virusi, ambayo antibiotiki haiyatibu, na wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22 tu. Hata hivyo, katika utafiti mwingine uliohusisha vituo 40 vya Mbeya na Morogoro, na ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2024, vituo vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida viliwaandikia antibiotiki watoto wapatao saba katika kila kumi.

Ukikaa katika chumba cha tabibu utaona kwa nini. Mwongozo unataka pumzi za mtoto anayekohoa zihesabiwe kwa dakika nzima akiwa ametulia: kuanzia pumzi 50 kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 kwa aliyetimiza mwaka lakini hajafika mitano, hizo ni pumzi za haraka na nimonia hushukiwa. Foleni ikishafika nje ya mlango, na mtoto analia, dakika hiyo ndiyo inayorukwa, kisha dawa inaandikwa kwa tahadhari.

Najua hofu ya matabibu, nami naiheshimu: mtoto akirudishwa nyumbani bila dawa, na kwao ni mbali, akizidiwa usiku nani atajibu? Lakini katika vituo vya Mbeya na Morogoro vilivyopewa mwongozo wa kwenye kompyuta kibao, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni na kipimo cha haraka cha damu kinachoonyesha jinsi mwili unavyopambana na maambukizi, walioandikiwa antibiotiki walishuka hadi asilimia 23, na idadi ya ambao hali zao zilikuwa mbaya siku ya saba haikuongezeka.

Marufuku ya dukani peke yake inanitisha, kwa sababu bado wapo watoto wanaokufa kwa nimonia kwa kukosa amoksilini, na kijijini, zahanati ikiishiwa dawa, duka la dawa muhimu ndilo linalobaki. Kwa hiyo naomba wanaounga mkono marufuku, hasa mlio katika halmashauri, mtueleze: vitendanishi (kemikali za kupimia) vya kipimo hicho cha damu vitaingia katika bajeti ipi, na tabibu aliye peke yake zahanati nzima ataongezewa nani wa kumsaidia kuhesabu pumzi?