Dirisha limebanwa pembeni, fimbo ya pazia nitaifungaje? Springi, vikombe, reli au gundi

mpangaji_roysambu
Hamjambo wadau. Nimehamia bedsita huku Roysambu na dirisha limenishinda. Upana wake ni sentimita 120. Kushoto zimebaki sentimita 4 tu ukuta wa pili unaanza. Kulia ni kabati la mwenye nyumba, sentimita 6. Juu, sentimita 11 umegonga slabu, yaani dari ya zege. Nami kwa haraka zangu nikanunua fimbo ya kawaida yenye braketi mbili na vile vichwa vya mviringo vya mwishoni. Kitako cha braketi peke yake ni sentimita 7! Nimenunua kiatu kabla ya kupima mguu.

Nimeambiwa kuna fimbo ya springi inayojibana yenyewe, vikombe (vishikio vya kuchomekea ncha za fimbo) vya kufunga ukuta kwa ukuta, reli ya darini, na ndoano za gundi. Pazia ni zito, la kuzuia mwanga, lenye matundu ya pete za chuma, kwa sababu taa ya ploti jirani inanimulika usoni usiku kucha. Dipoziti yangu sitaki kuichezea. Mngechukua ipi?

mama_pacha
Springi nimeitumia miaka miwili hapa Umoja. Bafuni haijawahi kunisumbua, pale imebeba pazia jepesi la nailoni na vigae vya pande zote mbili ni vigumu. Nikaona basi, nikaiweka na chumbani. Usiku wa tatu ikaanguka, pazia na yote, juu ya watoto. Wakalia, mimi nikadhani ni mwizi.

Shida ni kwamba haishikiliwi na kitu isipokuwa ule mpira wa mwishoni kubana ukuta. Ukipaka kidole ukutani kikatoka na unga wa rangi, ujue mpira nao utateleza hivyo hivyo. Tena kwako upande mmoja ni bodi ya kabati. Ukiikaza sana bodi inajikunja kwa nje, unadhani imebana, kesho imelegea. Kwa pazia lako usithubutu.

jirani_kayole
Ndoano za gundi? Gundi yenyewe ni nzuri ajabu. Haikuachilia rangi, ilikuja nayo. Mwezi wa saba, kile kibaridi cha asubuhi na madirisha ya chuma yanatoka jasho, nikaamka nikakuta fimbo sakafuni na vipande viwili vya rangi vya ukubwa wa kiganja vimeganda nyuma ya ndoano. Ukutani plasta inaniangalia. Wakati wa kuhama nilikatwa pesa ya kupaka ukuta mzima, wakati tundu la skrubu ningeliziba mwenyewe kwa simenti nyeupe.

mzee_wa_kaloleni
Vijana mnajisumbua. Ule waya wa springi uliovikwa plastiki, misumari miwili, ndoano mbili, kwisha. Tumelea watoto wote nyuma ya pazia la waya.

mpangaji_roysambu
@mzee_wa_kaloleni shikamoo mzee. Hili pazia ukilitundika kwa waya katikati linakaa kama kamba ya nguo.

mzee_wa_kaloleni
Marahaba. Hilo ni kweli. Mama watoto alikuwa akiukaza kila Jumamosi.

kijana_south_b
Mimi niliweka reli ya darini na nafasi yangu ilikuwa kama yako. Inapendeza, pazia linaanzia juu kabisa, mwanga haupiti. Lakini kuna mambo mawili sikuambiwa dukani. Kwanza, slabu ni zege. Tulitoboa matundu manne, fundi akakutana na nondo mara mbili, ikabidi asogeze vipimo, na vumbi lote likatua kitandani. Pili, pazia la matundu ya pete haliwezi kuingia kwenye reli. Reli inataka pazia lililoshonwa utepe kwa juu na kutiwa ndoano ndogo. Nikarudi kwa mshonaji, gharama juu ya gharama. Kama ungekuwa unataka na shia, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, nyuma yake ningesema reli ya njia mbili moja kwa moja. Kwa pazia moja, hapana.

fundi_ngazi
Nimesoma wote. Ndugu, funga vikombe, na nikueleze kwa nini.

Braketi ya kawaida inakaa juu ya dirisha, na pale kwa kawaida kuna linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha. Drili isiyo na nyundo itapiga kelele tu. Hata ukiwa na drili nzuri, kwenye kona ya sentimita 4 mwili wa drili unagusa ukuta wa pembeni kabla biti haijafika mahali pake, kwa hiyo unatoboa kimshazari na skrubu inakaa upande. Halafu braketi imetokeza mbele, pazia linaivuta, skrubu ya juu inang'olewa polepole kila unapofungua asubuhi. Kikombe kimefungwa ukuta wa pembeni. Uzito wa pazia unashuka chini, unakandamiza skrubu kwa ubavu, hauivuti itoke. Ndiyo maana hata kwenye bodi ya kabati kinashika.

Usitafute "vikombe vya pazia", utauziwa bei ya mapambo. Ingia hadiwea yoyote uulize vishikio vya bomba la kabati, lile bomba la kutundikia nguo, la duara, milimita 25. Chukua kimoja kilichofungwa mduara mzima na kimoja kilicho wazi juu kama herufi U. Ukifunga viwili vya mduara, bomba halitaingia, utabaki umelishika mkononi ukijiuliza.

Pima sentimita 8 kutoka ukuta wa dirisha kuja ndani, hapo ndipo katikati ya kikombe. Pungufu ya hapo drili haikai sawa na pazia litakwama kwenye komeo. Juu, acha sentimita 5 au 6 kutoka kwenye slabu, maana kitambaa kinasimama juu ya fimbo, pete haiko ukingoni kabisa. Upande wa jiwe: biti ya milimita 6, rolplagi (kile kiplastiki cha kushikia skrubu tunduni) ya 6, skrubu ndefu ya milimita 40. Plasta peke yake ni kama milimita 15. Rolplagi ikiishia humo itazunguka nawe. Upande wa bodi hakuna rolplagi. Ikiwa bodi ni ya milimita 18, skrubu ya 16 tu, vinginevyo itatokeza kwenye nguo zako. Na mwambie keateka, mwangalizi wa nyumba, kwanza, kabati si lako.

Bomba pima juu, pale litakapokaa, usipime chini kwenye kizingiti. Kuta zetu hizi zinapishana.

mama_pacha
Hapo kwa kuta kupishana fundi amesema kweli. Kwangu juu na chini zinatofautiana sentimita 2.

jirani_kayole
Fundi, sentimita 130 haitapinda katikati?

fundi_ngazi
Bomba la chuma la 25, haipindi. Ikikaribia mita 2 ndiyo unatafuta mshikio wa katikati.

mpangaji_roysambu
Nimerudi na majibu. Keateka alikubali mradi nikihama nizibe. Juu nimepata sentimita 129 na nusu, chini 131, kwa hiyo asante fundi, ningekata bomba likawa refu. Jiwe lilitoboka kama mkate, unga mwekundu, dakika mbili. Upande wa kabati nilitumia bisibisi tu. Kikombe cha mduara nimekiweka kushoto, cha U upande wa kabati.

Saa mbili usiku nikachomeka bomba, nikalilaza kwenye U, likatulia, nikalivuta kwa mkono likakataa kusogea. Nikasimama nikilitazama kwa raha. Nikageuka, pazia bado liko kwenye kiti.

fundi_ngazi
Ndiyo kazi ya ile U. Linyanyue uvishe.